Shajara ya mradi: rampu ya mlango mkuu wa kanisa

Kabla ya wiki ya 1

Kanisa ni la usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Limejengwa kwa mawe na lina ngazi sita mbele ya mlango mkuu. Kila Jumapili mzee wa zamu huhesabu waliomo ndani na kujaza kitabu cha mahudhurio: wanaume, wanawake, watoto. Msharika mmoja anayetumia baiskeli ya mkono, ile ya magurudumu matatu, alikuwa akisali nje chini ya mparachichi, akisikiliza spika ya dirishani. Hakuwa akihesabiwa, kwa kuwa hesabu hufanyika ndani.

Mradi huu wa rampu, njia ya mteremko badala ya ngazi, umetokana na swali la mzee wa kanisa mmoja, mama aliyekuwa zamu, aliyeuliza kwenye kikao: huyu wa nje aandikwe safu ipi? Hakuna aliyekuwa na jibu. Wiki zilizofuata, kila alipokuwa hana zamu, alichukua kiti cha plastiki akaenda kukaa naye pale chini ya mti. Hakwenda kumfariji. Alikwenda kumuuliza anataka nini. Jibu lilikuwa fupi: asibebwe tena. Vijana wanne humbeba kwa moyo mwema kabisa, lakini mmoja akiteleza kwenye ngazi anayeanguka ni yeye, na nguo zikipanda anayeaibika ni yeye. Ndiyo sababu alikuwa amechagua mti.

Bila jibu hilo kamati ingenunua kiti mwendo na kupanga zamu ya wabebaji. Hilo ndilo lililokuwa wazo la kwanza mezani, na lingemaliza fedha bila kugusa tatizo.

Wiki ya 1: vipimo

Mzee yule alikuja na futi na kijana wa kushika ncha ya pili. Ngazi sita, kila moja sentimita 15, jumla sentimita 90 kutoka ardhini hadi sakafu ya kanisa. Kipimo kilirudiwa kwa mpira wa maji uliojazwa maji na kushikwa ncha mbili, kwa sababu uwanja wenyewe una mwinamo na ngazi hudanganya macho. Ikabaki 90 ile ile.

Kanuni inayotumika katika nchi nyingi kwa rampu ya kiti mwendo ni 1:12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Sentimita 90 mara 12 ni mita 10.8. Kwa fundi asiyependa hesabu: kila mita moja ya kwenda mbele, uzi upande sentimita 8.3, usizidi hapo.

Vipimo vingine vilivyoandikwa siku hiyo: mlango mkuu una mbao mbili, lakini ubao mmoja umefungwa kwa komeo miaka yote na nafasi inayobaki ni sentimita 71. Kiti kinataka angalau 80. Dawa yake haikugharimu kitu: komeo lifunguliwe kila Jumapili.

Wiki ya 2: Baraza la Wazee

Mchoro wa kwanza wa fundi ulikuwa rampu iliyonyooka ya mita 4. Hoja yake ilikuwa ya kweli kwa upande mmoja: mita 10.8 zikinyooshwa zinafika barabarani. Lakini sentimita 90 ndani ya mita 4 ni mwinamo wa karibu 1:4.4. Hapo hata msukumaji mwenye nguvu hulemewa, na wakati wa kushuka kiti humvuta.

Maneno hayakumshawishi mtu, ikabidi jaribio. Mlango wa zamani wa ghala, urefu mita 2.4, uliegemezwa juu ya matofali kwa kimo cha sentimita 54, sawa na mwinamo wa fundi. Kiti kiliazimwa kituo cha afya na wazee wakaambiwa wapande wenyewe kwa mikono. Aliyejaribu kwanza alirudi kinyumenyume hadi kwenye nyasi. Kisha mlango ukashushwa hadi sentimita 20, ambayo ni 1:12, na watatu wakapanda bila kusukumwa. Mjadala wa mwinamo uliishia hapo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo ilitajwa, kwamba majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Haikumshtua mtu. Kilichowashtua ni ule mlango wa ghala.

Uamuzi: rampu iwe na mikondo miwili inayorudi, kila mmoja mita 5.4 na kupanda sentimita 45, upana mita 1.2 uliobaki wazi. Katikati pawe na jukwaa bapa la kugeuzia, mita 1.5 kwa 2.6, na juu mlangoni jukwaa la mita 1.5 kwa 1.5. Jukwaa la juu ndilo mafundi wengi hulisahau. Bila hilo mtu anafika mlangoni akiwa bado kwenye mwinamo, na akiachia gurudumu ili avute mlango anarudi nyuma.

Baiskeli ya mkono haitageuka kwenye mita 1.5, ni ndefu mno. Itaegeshwa chini, na kanisa liwe na kiti mwendo cha kuhamia. Hili litarudi wiki ya 12.

Wiki ya 3: michango

Orodha iliyopelekwa kwenye jumuiya:

Saruji mifuko 30 ya kilo 50. Kati ya hiyo 14 ni ya zege la juu, 6 ya zege la msingi, na iliyobaki ni ya kujengea, plasta na kingo. Matofali ya saruji ya inchi 6, 280. Mchanga lori moja. Kokoto lori moja dogo, na hapo kuna ya ziada. Kifusi cha moramu lori mbili. Wavu wa chuma wa BRC wa kutosha mita za mraba 20. Bomba za chuma za inchi 1½ kwa ajili ya vishikio.

Mnada wa baada ya ibada ulibeba saruji. Mkungu wa ndizi uliuzwa mara nne Jumapili moja, kila mnunuzi akiurudisha mnadani kwa mkono wake. Jumuiya ziliombwa matofali, na hapo ndipo palipoharibika. Kila nyumba ilileta yake kutoka mashine tofauti, na mengine yalikuwa mchanga mtupu. Kipimo cha haraka: liachie tofali kutoka usawa wa kiuno lidondoke kwenye udongo mgumu. Likimeguka pembe, linafaa. Likigawanyika vipande vitatu, lirudi kwenye njia ya bustani. Karibu theluthi moja yalirudi, na ilibidi kuongea na watoaji kwa upole, maana mtu haambiwi sadaka yake ni mbovu mbele ya jirani. Mzee yule alizipitia nyumba hizo mwenyewe. Safari ijayo ombeni fedha ya matofali, au saruji, na matofali yafyatuliwe mahali pamoja.

Wiki ya 4: msaragambo na msingi

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, ulikuwa Jumamosi, kuanzia saa 12 na nusu asubuhi. Mfereji wa msingi upana sentimita 45, kina sentimita 40, ukafuata uzi. Udongo mwekundu wa hapa ni mzuri ukikauka, lakini pembe ya mashariki kulikuwa na shimo la zamani la taka, laini kabisa. Lilichimbwa hadi kukuta udongo mgumu na kujazwa mawe. Kama lingeachwa, jukwaa la kugeuzia lingeketi na kupasuka ndani ya mwaka.

Zege la msingi 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 15.

Ukuta wa rampu usiegemee ukuta wa kanisa. Kifusi kikigusa mawe ya jengo, unyevu unapanda ndani na plasta inamwagika. Kuna nafasi ya sentimita 20 kati ya viwili, na chini yake mfereji mdogo wa kutoa maji.

Wiki ya 5

Kuta. Sehemu zinazozidi sentimita 60 matofali yamelazwa badala ya kusimamishwa, ili ukuta uwe mnene na usisukumwe na kifusi. Matundu ya kutolea maji yameachwa kila mita moja na nusu.

Wiki ya 6: kifusi

Kifusi hujazwa kwa tabaka za sentimita 15. Kila tabaka linyunyiziwe maji kidogo, lishindiliwe, ndipo lingine lifuate. Vijana walikuwa wengi na wenye ari, wakajaza sentimita 50 kwa mkupuo na kushindilia juu. Juu kulikuwa kugumu kama barabara. Saidia fundi mmoja alichomeka nondo ikazama yenyewe hadi katikati. Siku nzima ikaenda kukitoa kifusi na kukirudisha upya.

Kipimo cha nondo ya milimita 12 ni rahisi, kila kamati iwe nacho: ikiingia kwa mkono zaidi ya sentimita 5 au 6, rudi kazini.

Wiki ya 7: zege

Uzi ulifungwa upya, kila mita sentimita 8.3, na ukapimwa na watu wawili tofauti. Mwinamo wa pembeni wa kumwaga maji ni sentimita 2 kwenye upana wote wa mita 1.2. Ukizidi, kiti kinajivuta upande mmoja na mwenye kiti anachoka mkono mmoja.

Vipimo vya zege 1:2:4 kwa ndoo za lita 20: mfuko mmoja wa saruji ni kama lita 35, hivyo mchanga ndoo 3½ na kokoto ndoo 7. Maji lita 27 hivi, pungufu kama mchanga una unyevu. Walioteka maji walitaka kuongeza ili zege liteleze vizuri kwenye toroli. Zege la majimaji ni rahisi kumwaga, lakini likikauka linabaki na matundu na nguvu yake inapungua. Aidha, kwenye mwinamo linatiririka na kukusanyika chini.

Unene ni sentimita 10. Wavu wa BRC uliinuliwa kwa vipande vya mawe ukae katikati ya zege, kwani ukilala kwenye kifusi hausaidii chochote. Kazi ilianzia chini kwenda juu. Pembeni kingo ya sentimita 10 ilimwagwa pamoja na sakafu ili gurudumu dogo la mbele lisidondoke nje.

Wiki ya 8

Magunia mabichi juu ya zege, maji asubuhi na jioni, siku saba. Jumapili iliangukia katikati, na watoto wa Shule ya Jumapili walizuiwa kwa kamba na kwa ukali wa mama mzee wa zamu.

Wiki ya 9: mvua na niru

Kosa kubwa la mradi liko hapa. Fundi aliyemalizia mkondo wa juu aliupaka niru, yaani saruji tupu iliyolainishwa, uking'aa kama sakafu ya sebule, na watu walimsifu. Mkondo wa chini ulikuwa umepigwa ufagio mgumu kwa kukata njia na haukupendeza. Masika yakaanza. Mvua ya kwanza iliponyesha, mzee mmoja mwenye fimbo aliteleza kwenye niru, bahati nzuri akashika ukuta. Mkondo wa ufagio ulikuwa salama kabisa.

Niru ilimenywa kwa tindo, mistari ya kina cha milimita 5 kila sentimita 3, mkondo mzima. Kazi ya siku tatu kurekebisha uzuri wa nusu saa. Kwenye rampu uso ufagiliwe zege likiwa linaanza kushika, wakati kidole kinaacha alama lakini hakizami, na mistari ikate njia, isifuate mteremko.

Vishikio viliwekwa wiki hii hii. Bomba la juu sentimita 90, la pili sentimita 70 kwa watoto na kwa anayejivuta akiwa kwenye kiti. Yote yamevuka mwanzo na mwisho wa rampu kwa sentimita 30, ili mtu ashike kabla ya kuanza kupanda, na ncha zimekunjwa zisikamate nguo. Nguzo zimezamishwa ndani ya zege na kuchomelewa. Nguzo ya kufunga kwa bolti ingeishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu kabla ya Pasaka.

Njia kutoka getini nayo ilionekana wakati wa mvua. Changarawe ya uwanjani ilikuwa ikimeza magurudumu madogo. Ukanda wa upana wa mita 1.2 umeshindiliwa kwa moramu iliyochanganywa na saruji. Hautadumu kama zege, lakini fedha iliishia hapo.

Wiki ya 10: ndani

Pendekezo la haraka lilikuwa nafasi ya kiti nyuma kabisa, karibu na mlango. Mzee yule alikataa, na alikuwa na haki. Anayekaa peke yake nyuma bado yuko chini ya mparachichi, ila safari hii ameezekewa paa. Benchi la mstari wa tatu limekatwa sentimita 90 upande wa njia ya kati, likapigiliwa mguu mpya. Nafasi iliyopatikana ni 90 kwa 120, kiti kinaingia bila kuziba njia, na ndugu zake wanakaa benchi lile lile. Limekatwa pia benchi la mstari wa saba upande wa pili. Nafasi moja tu ingekuwa kama jina la mtu limeandikwa hapo.

Meza ya Bwana: mahali pa kupiga magoti pana kidato cha sentimita 18. Halikujengwa lolote. Mchungaji anashuka na kugawa kwenye usawa wa sakafu kwa yeyote asiyepanda, wakiwamo wazee wenye magoti mabovu, bila kutangaza wala kusubiri washarika wote wamalize. Sanduku la sadaka nalo linasogezwa. Mtu anayependa kutoa asinyimwe kutoa kwa sababu ya kidato.

Mahubiri ya Jumapili hiyo yalikuwa ya Marko 2, wale wanne waliobomoa dari wamshushe mwenye kupooza. Fundi alisikika akisema mlangoni kwamba wale nao walikosa rampu.

Wiki ya 11: choo

Hili lilitakiwa kuwa la wiki ya kwanza. Ibada ikiunganishwa na mnada na kikao cha jumuiya huchukua muda wa saa nne au tano, na mtu asiye na choo hujinyima maji tangu usiku. Hakuna aliyelitaja hadi mzee yule alipouliza kwa faragha, mama kwa mama. Vikao vya wanaume watupu havingelifikia.

Chumba kimoja cha choo kimepanuliwa kwa kuondoa ukuta wa kati. Mlango sentimita 90, unafunguka nje, maana ukifunguka ndani kiti kinauzuia usifungwe. Ndani ya mlango kuna bomba fupi la kulala la kuuvuta. Kiti cha zege kimejengwa juu ya tundu, kimo sentimita 46, na kando yake nafasi tupu ya sentimita 90 ya kusogezea kiti mwendo na kuhama kwa upande. Kishikio cha ukutani kiliwekwa sentimita 75 baada ya mtumiaji mwenyewe kujaribu kwa mikono yake. Hapa mtumiaji apime, kitabu kifuate. Bomba la kunawia limeshushwa hadi sentimita 80.

Funguo zisikae ofisini. Zilikaa ofisini wiki mbili za kwanza na choo hakikutumika.

Wiki ya 12: kiti

Kiti cha msaada kilichopatikana kilikuwa kipana mno. Upana wa kalio la kiti ulingane na nyonga za mtu. Kikizidi, anainama upande na mgongo unaumia. Hapa Moshi kuna bahati ya kuwa karibu na chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, wanakofundishwa mafundi wa viungo bandia na viti mwendo, hivyo vipimo vilifanywa na wanaojua. Kiti cha kanisa kikabaki cha muda mfupi, cha kuhamia kutoka kwenye baiskeli ya mkono na kurudi. Kwa ibada nzima mtu anatakiwa kukalia kinachomfaa.

Mto ni wa lazima. Asiyehisi sehemu ya chini ya mwili hupata kidonda cha mgandamizo bila kujua, na saa tatu juu ya turubai kavu zinatosha kukianzisha. Mto wa sponji ngumu, usiozama hadi chini ukiukandamiza kwa ngumi, na mwenye kiti ajiinue kwa mikono au ainame mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30. Mto wenye tundu katikati haufai ingawa unaonekana wa kitaalamu, maana unabana damu kuzunguka tundu. Wanaokaa benchi la mstari wa tatu wameelezwa kwamba akijiinua wakati wa mahubiri hana haja ya kushikwa.

Matengenezo: magurudumu ya nyuma ni ya inchi 24, fundi baiskeli wa sokoni anayaweza. Upepo ukaguliwe kila Jumamosi, kwa kuwa tairi laini huifanya breki isishike, breki ya viti hivi ikikandamiza tairi lenyewe.

Wiki ya 14: hali ilivyo

Rampu inatumika. Anayeipanda kwa kiti mwendo ni mmoja kwa kawaida, lakini wanaoipanda ni wengi kuliko waliopanda ngazi: wazee wenye fimbo, wajawazito, mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, wabeba spika, na jeneza siku ya msiba. Hilo la jeneza halikuwa kwenye mchoro wa mtu.

Ufa mwembamba umeonekana pale mkondo wa juu unapokutana na jukwaa la mlangoni. Hapakuachwa kiungo cha kutanukia. Umezibwa kwa lami na unatazamwa kila mwisho wa mwezi.

Yaliyobaki: rangi ya njano kwenye kingo, taa ya ibada ya jioni, na kipande cha njia karibu na tenki ambako maji bado yanatuama. Ofisi ya usharika nayo ina ngazi tatu. Mama mzee wa zamu ameshaleta vipimo vyake, sentimita 45, mkondo mmoja wa mita 5.4, na amevibandika kwenye ubao wa matangazo. Kamati bado haijakaa.